Sanda ya Moshi

Wapo watu Busia ambao hadi leo husema kwamba Muniru aliuawa na harufu. Husema kwa sauti ya upole, kana kwamba wanamhurumia mama yake, na baadhi yao ni watu wa swala tano. Nimeyasikia maneno hayo matangani, nimeyasikia sokoni, na safari moja niliyasikia kinywani mwa mwalimu mwenzangu, mbele ya wanafunzi. Harufu haina kidole cha kufyatulia risasi. Harufu haivai buti. Naandika habari za Rehemah, mama yake Muniru, kwa sababu alikufa akiwa amebebeshwa mzigo ambao waliostahili kuubeba walizeeka bila hata kuugusa.

Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa minyaa, upande wa Uganda, karibu na barabara inayoshuka mpakani. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara aliyeachwa Mumias kwa ugonjwa wa miguu, akapona, akaoa, asirudi tena pwani. Mama yake alikuwa Msamia wa Masinya. Kwa babu alirithi dini na kazi ya manemane. Kwa mama alirithi ulimi ambao haukumwogopa mtu.

Manemane ni utomvu wa mti mfupi wenye miiba unaoota katika nchi kavu za kaskazini. Gome likichanjwa mti hulia, na machozi yake hukauka yakawa mapande ya rangi ya kahawia iliyoiva, yenye vumbi juu na mng'aro ndani. Mapande hayo yalifika upande wa Kenya pamoja na ngozi za mifugo, na Mzee Sulaiman, mfanyabiashara wa ngozi, alimwekea Rehemah yaliyo bora katika debe lenye kifuniko. Rehemah aliyavunja, akayafunga katika maganda makavu ya mgomba, akayauza sokoni akiwa ameketi juu ya gunia.

Sidhani kulikuwa na nyumba pale mjini, ya Mwislamu au ya Mkristo, ambayo haikuwahi kumhitaji. Aliyevimba fizi alisukutua maji yaliyolowekwa manemane. Kitovu cha mtoto kilichokawia kukauka kilinyunyiziwa unga wake. Mwanamke aliyejifungua aliketi juu ya kigoda, shuka kuanzia mabegani hadi chini, chetezo kikifuka chini yake. Mitungi ya maji ilifukizwa kabla ya kujazwa. Nguo za Ijumaa zilitandazwa juu ya tenga lililofunika chetezo, na mvaaji alitembea na harufu hiyo wiki nzima, chungu kidogo, tamu kidogo, kama maneno ya mtu mzima anayekupenda.

"Dawa yako hii, Mama Muniru, ni chungu kushinda mume wangu," Acen alimwambia siku moja. Acen alikuwa muuza kuku kutoka Kiyeyi, naye fizi zilikuwa zikimsumbua.

"Basi shukuru. Hii unaweza kuitema."

"Na yule nikimtema atakwenda wapi?"

"Ataletwa hapa nimfukize, apungue ukali."

Wanawake walicheka mpaka Acen akameza dawa aliyopaswa kuitema.

Lakini kazi ambayo Rehemah aliiheshimu kuliko zote ilikuwa ya wafu. Maiti wa kike aliwaosha mwenyewe. Sanda zote, za wake kwa waume, aliletewa azifukize. Alizitandaza juu ya mkeka, akazunguka nazo chetezo mara tatu, polepole, akisoma kwa midomo tu. Alikuwa na imani yake juu ya jambo hilo, ambayo sheikh hakumfundisha. Mtoto akizaliwa, alisema, hupokewa kwa moshi wa manemane. Basi na aondoke kwa moshi huohuo, ili huko aendako ajulikane kwamba alikuwa na kwao. Maiti asiyefukiziwa sanda hakuagwa, alitupwa.

Muniru alikuwa mtoto pekee aliyemsalia. Alikuwa mwembamba, mrefu, mcheshi, na alibeba abiria kwa baiskeli kati ya vizuizi viwili vya mpaka, kazi ambayo vijana wengi wa Busia waliishi kwayo. Ilipofika mwaka 1977 abiria hawakuwa tena mzigo wenye maana. Upande wetu hapakuwa na sabuni wala sukari wala chumvi. Upande wa pili palikuwa na kila kitu, na walichokitaka kwetu ni kahawa. Serikali iliyoongozwa na bunduki ilichukua kahawa ya wakulima, ikawaacha na ahadi, kisha ikatangaza redioni kwamba atakayekutwa akiivusha ni adui wa taifa na atapigwa risasi. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo, na bado sijaona mantiki ya nchi inayomwita adui mtu anayetafuta chumvi.

Muniru alivusha kahawa. Ilikuwa ya baba yake Oguttu, mkulima wa Masinya; na Oguttu huyu, aliyekua na Muniru kama ndugu, alivuka naye. Kahawa ilishonwa ndani ya mito ya viti vya nyuma vya baiskeli. Na hapa ndipo Rehemah alipofanya jambo ambalo wanamlaumu kwalo.

Aliwafahamu askari wa kizuizini. Aliwaona Ijumaa msikitini, viatu mkononi, wakijifanya watu kama watu wengine. Akawaza hivi: askari mwenye dini hawezi kumpekua kijana anayenukia msikiti, ataona haya. Basi kila Alhamisi jioni alitandaza kanzu ya Muniru juu ya tenga, ile aliyoidarizi kola yake kwa uzi wa zambarau, akaifukiza zaidi ya kawaida. Ijumaa Muniru aliivaa, akapanda baiskeli, akaelekea msikiti wa ng'ambo. Rehemah alikuwa sahihi. "Pita, sheikh," askari walimwambia, na sheikh akapita na kahawa yake chini ya makalio ya abiria.

Nakumbuka Alhamisi ya mwisho, kwa kuwa nilikuwa nimerudi kutoka Tororo, nilikokuwa nikifundisha, na nilikuwa upande wangu wa ua. Oguttu alikuwa amekaa kizingitini akingoja.

"Mama, mwanao ananukia kama bibi arusi," alisema. "Mimi nikikaa nyuma yake watu watasema tunakwenda kuoana."

"Wewe na harufu yako ya samaki wa Majanji," Muniru alijibu, "nani atakuoa?"

"Lete shati lako, Oguttu," Rehemah alisema. "Nalo lipate moshi kidogo."

"Hapana, mama. Padri atasema nimehama."

"Padri wako mwenyewe anafukiza kanisani mpaka waumini wanakohoa."

"Yule anafukiza Mungu. Wewe unafukiza Muniru."

Wote watatu walicheka. Mimi pia nilicheka, upande wangu wa ua.

Wiki ile askari wa kizuizini walikuwa wamebadilishwa. Wapya walitoka mbali, hawakumjua mtu, Kiswahili chao kilikuwa cha kambini, na baiskeli hazikuruhusiwa kupita barabarani. Vijana wakaamua kubeba kahawa migongoni na kukatiza kinamasi cha mto Sio. Muniru aliivaa kanzu yake, ameikunja kiunoni, kwa hesabu ileile ya mama yake: wakikutana na mtu njiani, atasema anawahi msikiti ng'ambo.

Yaliyotokea nayajua kwa Oguttu, na sijawahi kumsikia akiyaongeza wala kuyapunguza. Mwanga wa Ijumaa ulikuwa unaanza. Walisikia buti kwenye njia, wakajilaza ndani ya mafunjo, maji yakiwafika kifuani, kahawa wameitia majini chini yao. Askari walipita. Walikuwa wamekwisha kupita kabisa, anasema Oguttu, wakati upepo wa ziwani ulipogeuka na mmoja wao akasimama.

"Kuna harufu ya msikiti hapa," askari alisema.

"Msikiti ndani ya mafunjo?" mwenzake alicheka. "Wewe nakunywa nini jana?"

"Nakwambia kuna harufu. Mama yangu alikuwa nafukiza namna hii."

Wakaanza kurudi, wakiyapasua mafunjo kwa mitutu. Muniru aliuweka mkono juu ya kichwa cha Oguttu, akakisukuma chini mpaka maji yakafika puani. Kisha akasimama, mikono juu.

"Niko peke yangu, afande," alisema.

Hawakumpiga risasi pale. Walimpeleka barabarani, wakamtupa ndani ya lori, na lori likaelekea Tororo.

Oguttu alifika kwa Rehemah akiwa bado amelowa. Alitaka kusema kidogo, lakini Rehemah alimuuliza moja kwa moja: "Walimwonaje, nawe wasikuone?"

Nimemuuliza Oguttu mara nyingi kwa nini hakumdanganya. Kila mara hunijibu kwamba mtu aliyetoka kusukumwa chini ya maji na mkono wa rafiki yake hana nguvu ya kutunga uongo.

"Harufu, mama," alisema.

Rehemah alinyanyuka, akachukua mtungi, akamimina maji juu ya makaa ya chetezo mpaka yakanyamaza. Tangu siku hiyo nyumba ile haikutoa moshi. Wanawake waliojifungua walikuja wakarudi. Sokoni gunia lake lilikaa tupu, na maneno ya Oguttu, ambayo alimwambia mama mmoja katika chumba kimoja, yalikwisha kufika kila kibanda. Mama amemfukiza mwanawe mpaka akaonekana. Waliyasema watu ambao vitovu vyao vilikaushwa na mkono wake. Yalikuwa rahisi kusema, kwa sababu kumlaumu Rehemah hakukuhitaji ujasiri, na kumlaumu askari kulihitaji kila ulichonacho.

Hakudai arudishiwe mwana. Alikuwa mwosha maiti; alijua lori lile halirudishi watu. Alidai kitu kimoja tu: maiti wa Muniru, amwoshe, amvike, amfukizie sanda. Alinunua kitambaa cheupe cha marekani, akakata vipande vitatu vya sanda ya mwanamume, akavikunja ndani ya mfuko, akapanda gari hadi Tororo, kwenye kambi iliyokuwa nje ya mji. Alisimama langoni.

"Mama, hapa hakuna raia," mlinzi alimwambia.

"Sitaki raia. Nataka maiti."

"Hakuna maiti."

"Basi nipe aliye hai."

Mlinzi aligeuza uso. Rehemah alirudi wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine, mfuko uleule kifuani, mpaka walinzi wakamzoea na kumpachika jina la Mama Sanda. Mmoja alimwonyesha kitako cha bunduki. Mwingine, kijana mdogo, alimnong'oneza aende nyumbani, kwa kuwa kule ndani watu hawazikwi, hupotea. Alilala kwangu, palepale Tororo, baadhi ya safari hizo. Alikaa juu ya kitanda, mfuko juu ya mapaja, hakulia. Aliniambia mara moja tu: "Nimewavika watoto wa watu wote, mwalimu. Wangu amelala uchi."

 Shahada yangu ya ualimu ilikuwa imening'inia ukutani nyuma yake.

Kisha Acen alikuja. Bado aliuza kuku, na wateja wake wakubwa sasa walikuwa wapishi wa kambi ile ya Tororo. Hakupenda, lakini nani mwingine aliyekuwa na cha kununulia kuku? Alimkuta Rehemah uani, akakaa chini kabla ya kuamkia, jambo ambalo si desturi yake.

"Mama Muniru, kule wanatafuta mtu wa kufukiza. Kuna chumba wameosha, wameosha, harufu haitoki. Mkubwa mmoja anataka kiwe ofisi yake. Wameniuliza kama najua mtu."

"Harufu ya nini?"

Acen alitazama vidole vya miguu yake. "Mimi nauza kuku tu, dada."

Rehemah alinyanyuka. Kisha akaingia ndani, akatoa chetezo kilichokuwa hakijaona moto tangu Ijumaa ile, akakipangusa kwa upindo wa kanga. Alitoa pande la manemane alilolificha, lililo bora kuliko yote aliyowahi kuletewa na Mzee Sulaiman. Na kabla ya kuvaa gauni lake alijizungushia mwilini vile vipande vitatu vya sanda, akavifunga kwa kamba. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alisema hakujua. Miguu yake ilikuwa inakwenda mazikoni, basi mwili ukavaa.

Langoni, mara hii, walimfungulia. Koplo mmoja mnene alimpeleka chumbani. Sakafu ya saruji ilikuwa bado imelowa, kuta zimepakwa chokaa mpya, dirisha moja juu. Alisema harufu ile ilikuwa kama kitu kinachokukaba kwa nyuma. Karibu na mlango palikuwa na ndoo, na juu ya ukingo wa ndoo tambara la kudekia, la kijivu, limekamuliwa na kukaukia huko.

Aliinama kuwasha makaa. Uso wake ulipita karibu na ndoo.

Chini ya sabuni, chini ya kile kingine ambacho sitakitaja, palikuwa na uchungu mdogo na utamu mdogo. Alilitazama tambara. Lilikuwa limechanwa kutoka kwenye nguo, na upande mmoja bado ulikuwa na kola. Uzi wa darizi ulikuwa umechujuka, lakini ulikuwa wa zambarau.

Mtu mwingine angepiga ukelele. Mimi ningepiga. Rehemah alitia pande la manemane juu ya makaa, lote isipokuwa kipande kidogo alichokifunga katika pindo la kanga, akangoja mpaka moshi uliposimama wima. Kisha akamwambia koplo:

"Chetezo kina moto. Nipe hilo tambara nishikie."

"Ni chafu hilo."

"Mikono yangu imeshika chafu nyingi, mwanangu."

Koplo alimrushia kwa ncha ya buti. Rehemah alilikunja, akalishika pamoja na chetezo, kola ikielekea kiganja, akaanza kuzunguka chumba. Alitembea kama anavyotembea kandokando ya mkeka wa sanda, polepole, midomo ikicheza. Moshi ulipanda chini ya gauni, ukaingia ndani ya marekani.

"Mbona wewe nazunguka tena?" koplo aliuliza mlangoni, akifunika pua. "Si imeshika?"

"Ukizunguka mara moja harufu hurudi."

"Na hiyo wewe nasoma ni nini?"

"Ndivyo nilivyofundishwa kufukiza."

Alikamilisha mara ya tatu, akasimama katikati ya chumba, akaelekea kibla, akaita jina la mwanawe pamoja na jina la baba yake, moyoni, kama inavyofanywa kaburini. Hakukuwa na mtu wa kuitikia amina isipokuwa koplo, ambaye alikuwa anakohoa.

Alipokuwa akitoka, mkubwa mwenyewe alikuja kutazama. Alivuta pumzi, akaridhika. Alivua koti lake la sare, akamnyooshea.

"Na hili, mama. Linanuka, sijui kwa nini. Lifukize kidogo."

Kipande cha manemane kilikuwa kwenye pindo la kanga, mbele ya macho yake. Makaa yalikuwa bado mekundu.

"Imekwisha, afande," Rehemah alisema.

Mkubwa alimtazama, akalivaa koti lake, akaenda zake. Rehemah alitoka langoni na tambara mkononi, na hakuna aliyemwita.

Sheikh wetu alimwambia kwa huruma kwamba kola si maiti, na haizikwi. Alimswalia Muniru swala ya asiyekuwepo, watu wachache wakasimama nyuma yake, wakitazama mlangoni. Rehemah hakubishana. Aliifunga kola ndani ya vile vipande vitatu, akaviweka katika sanduku la bati, akalifunga. Aliendelea kuosha wafu, na mwishoni akaanza tena kufukiza: wanawake waliojifungua, mitungi, sanda za watu. Nguo za walio hai hakuzifukiza tena. Hata mabibi arusi walipomsihi, alikataa. Na lile jambo la harufu hakulikanusha hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma kupita yote: walimfundisha kuamini.

Utawala ule ulianguka. Waliokuwa wakubwa wengine walikimbia, wengine wakageuka wazee wa heshima wenye mashamba. Hakuna aliyewahi kuitwa kueleza habari za chumba kile.

Rehemah alifariki miaka mingi baadaye, usingizini. Tulipolifungua sanduku ili kutafuta sanda yake, wanawake wenzangu waliokuwa wakimwosha walirudi nyuma kidogo. Moshi ulikuwa bado umo. Mmoja alihesabu vipande, akashangaa.

"Hii ya mwanamume. Vitatu."

Mwanamke huvikwa vipande vitano. Niliagiza marekani mpya, tukakata viwili, tukaviongeza juu ya vile vitatu. Mtu alileta chetezo, nikamwambia akirudishe. Kola ile niliiweka chini ya shavu lake la kulia. Mkuu wa waoshaji alinitazama, akaendelea kufunga sanda.

Jeneza lilipopita kando ya ua wa minyaa, Oguttu alikuwa amesimama pale, mvi kichwani, rozari mfukoni. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, ukamletea harufu ya sanda. Alivua kofia, akaweka mkono wake juu ya utosi wake mwenyewe, kama mtu anayezuiwa asiinuke.

"Huyo Muniru anapita," alisema.